Yowe la Ng'ambo ya Korongo

Rafiki yangu Waitara wa Nyansurura hapendi kuisimulia habari hii. Mimi nimechoka kuibeba peke yangu.

Jioni moja alipeleka mahindi mashineni. Wingu lilikuwa limefunga, giza likawahi. Ng'ambo ya korongo mwanamke akapiga yowe. Kwetu yowe likisikika, wanaume hukamata mapanga na kukimbia, maana huenda ng'ombe wameibwa. Wanaume wote waliokuwa mashineni wakasimama, wakasikiliza.

"Hilo siyo la ng'ombe," Waitara akasema. "Ni Mokami tu, anapigwa na mumewe."

Wakakaa tena. Mashine ikaendelea kusaga. Yowe lilirudi mara mbili, jembamba, kisha likakatika. Mokami tulimzika Alhamisi.

Wiki tatu baadaye, kabla hakujapambazuka, Waitara aliamshwa na vishindo vya kwato. Zizi lilikuwa wazi, ng'ombe wote wameswagwa. Akapanda kwenye kichuguu, akapiga yowe kwa nguvu zake zote.

Sauti iliyotoka kooni mwake ilikuwa ya Mokami.

Akajaribu tena. Ni ileile. Nyumba za jirani zilikaa kimya gizani, mpaka mlango mmoja ukafunguka kidogo, na mzee akawaambia wanawe:

"Laleni. Hilo siyo la ng'ombe."