Redio Haikusema Neno

Kila asubuhi, baada ya kufagia uwanja na kabla ya kipindi cha kwanza, darasa la saba la skuli moja ya Tibirinzi lilikuwa na jambo lake. Wanafunzi waliliita Nimeona. Mwalimu wao wa sayansi, Mwalimu Silima, alimsimamisha mmoja wao aeleze kitu cha ajabu alichokutana nacho nje ya nyumba. Sharti lilikuwa moja tu: uwe umekiona wewe mwenyewe.

Pandu aliwahi kuona popo mkubwa akiruka na mtoto wake kifuani. Mmanga alimwona kinyonga akijivua ngozi, akakaa kumtazama mpaka chakula cha kwao kikaliwa chote. Zamu ya Asma ilipofika, yeye alisema amemwona kuku akitaga juu ya kiti cha pikipiki ya ami yake. Darasa zima lilicheka. Tangu siku hiyo Pandu hakumwita tena Asma, alimwita Mama Kuku.

Jioni nyingine Mwalimu Silima aliwachukua mpaka uwanja wa wazi kule Gombani kusikiliza setilaiti. Alikuwa na redio ndogo ya mkono na antena aliyoiunda mwenyewe kwa mabomba ya plastiki na vipande vya futi ya chuma, ile ya fundi seremala. Setilaiti inapopita juu, ukiielekezea antena utasikia mvumo, shuuu, kisha labda mlio kama wa kifaranga aliyepotezana na mama yake. Mara chache sana utamsikia mtu wa nchi nyingine akitaja jina lake la redio. Wanafunzi walipeana zamu kuichukua redio nyumbani, na wiki ile zamu ilikuwa ya Asma.

Asma alikuwa akiishi na bibi yake, Bi Mwatum. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na alikuwa hajui tena kutofautisha sukari na chumvi mpaka aonje. Sasa madaktari wa macho walikuwa wamekuja Chake Chake kwa wiki moja tu, na jina lake lilikuwa limetoka. Angepasuliwa Alhamisi asubuhi. Mkoba wake ulikuwa tayari umening'inia msumarini, ndani yake kanga mbili, ndara na tasbihi.

Jumanne, baada ya Magharibi, Bibi alikuwa bado juu ya msala na Asma yuko uani na antena yake. Hapo ndipo alipoziona. Taa nyeupe, zimejipanga mstari mmoja, moja nyuma ya mwenzake, zinapita mbinguni bila sauti. Hazikuwa ndege. Hazikuwa nyota, maana nyota hazifuatani kama watoto wa chuo cha Kurani. Antena ikamponyoka Asma mkononi. Neno la kwanza lililomtoka lilikuwa bismillahi, la pili halikutoka kabisa.

Redio ilikuwa wazi muda wote ule. Ilisema shuuu.

Asubuhi alikimbia skuli na habari yake, akakuta imeshazeeka.

"Hata paka wetu ameziona," Pandu alisema. "Mama Kuku, leo umechelewa."

Mwalimu Silima hakuwepo, alikuwa amekwenda Wete kwenye semina. Asma alisimama mbele ya darasa, anatazamwa na watu ambao hawakuwa na haja naye. Pandu alikuwa ameshaanza kulia kama kuku.

"Nyinyi mmeona tu," Asma alisema. "Mimi nilikuwa na redio."

Darasa likanyamaza. Ukimya ule ulikuwa mtamu, na Asma hakuwahi kuuonja. Mdomo wake ukaendelea bila kumngoja.

"Ilisema. Sauti nzito ya mtu mzima. Ilisema: Jitayarisheni."

Hakuna aliyecheka. Pandu alibaki kinywa wazi, mlio wa kuku haujaisha. Asma alirudi kukaa akijiona amerefuka.

Neno lile halikungoja kengele. Mchana Asma alipokuwa akirudi nyumbani, alimkuta muuza tungule, kapu la nyanya mbele yake, akimwambia mteja wake kwamba redio imetangaza Kiama, na siku yenyewe imetajwa, ni Ijumaa. Mteja alisahau chenji yake akaondoka. Asma alisimama palepale njiani. Yeye hakusema Ijumaa. Nani amesema Ijumaa?

Nyumbani alikuta mlango umefunguliwa wote na ua umejaa majirani. Bibi alikuwa amekaa juu ya mkeka, kila anayepita anamshika mkono na kumwomba radhi. Kuku wake watatu walikuwa wameshafungwa miguu, kila mmoja amepata mwenyewe mpya. Mkoba wa hospitali ulikuwa chini, mtupu, na zile kanga mbili amekwishapewa mtu.

Jirani yao, Bi Rahma, alikuwa amepiga magoti analia. "Bi Mwatum, nisamehe. Ile mbuzi yako ya kukunia nazi uliyoitafuta mwaka mzima, ninayo miye. Iko chini ya kitanda."

"Nilijua," Bibi alisema. "Nimekusamehe. Asma, njoo nawe unisamehe, mjukuu wangu. Hata lile andazi la pili nililokunyima juzi."

"Bibi, na hospitali?" Asma aliuliza.

"Nimemwambia ami yako Jabir asije kunichukua kesho. Nipasuliwe Alhamisi, Ijumaa nikafungwe kitambaa? Macho ya siku moja ya nini?"

Madaktari wakiondoka, nani ajuaye watarudi lini. Bibi angebaki kuonja chumvi na sukari maisha yake yote kwa neno moja lililotungwa darasani.

"Bibi, redio haikusema kitu."

Bibi alimpapasa shavu. "Unanionea huruma. Usiogope, mwana we."

"Mtoto kaingiwa na hofu," Bi Rahma aliwaambia wenzake, akazidi kulia.

Asma alitoka mbio. Alimkuta Mwalimu Silima ndiyo kwanza anarudi, mkoba bado begani. Alimweleza yote akiwa anahema. Mwalimu alikaa kwenye baraza ya nyumba yake kama mtu aliyesukumwa.

"Ilisema, Asma?"

"Haikusema, mwalimu. Ilisema shuuu."

Mwalimu aliushusha mkoba begani. "Zile taa ni setilaiti za intaneti. Zimerushwa pamoja, bado zinafuatana. Hilo naweza kulieleza mimi. Lakini hilo neno ni lako. Siwezi kwenda kulifuta kwa mkono wangu. Nitakusindikiza tu."

Walirudi kwa Bibi, Asma akaitoa redio na antena ndani. Mwalimu aliwasalimia wazee, akaeleza habari ya setilaiti vizuri sana, na majirani wakamsikiliza kwa heshima bila kumwamini hata mmoja.

"Mwalimu, ahsante," Bibi alisema. "Lakini weye hukuwepo. Aliyekuwepo ni huyu." Akainua uso wake upande wa Asma. "Mume wangu, Mungu amrehemu, mwaka mmoja aliuona mwezi wa Ramadhani peke yake. Akapelekwa mbele ya wazee. Wakamuuliza: ulikuwa wapi? Pembe za mwezi zilitazama wapi? Akasema, nadhani kulia. Wakamshukuru, wakamrudisha nyumbani, maana 'nadhani' si ushahidi. Hakukasirika. Na miye leo tangu asubuhi nasikia watu wanasema 'imesema, imesema', na hakuna niliyemuuliza kama wazee walivyouliza. Haya, Asma, simama kama shahidi."

Asma alisimama.

"Taa umeziona kwa macho yako?"

"Nimeziona, Bibi."

"Na sauti? Umeisikia kwa sikio lako?"

Hapa palikuwa na njia mbili na moja ilikuwa rahisi. Asma alimtazama Bi Rahma, akawatazama kuku, akautazama mkoba mtupu.

"Sikuisikia. Niliitunga. Darasani walinicheka, nikataka nami nisikilizwe. Ijumaa sikuisema mimi, lakini Jitayarisheni niliisema. Naomba radhi kwenu nyote."

Kisha Mwalimu Silima akatazama simu yake, akasema kuna setilaiti inapita sasa hivi. Akamkabidhi Asma antena. Majirani walisogea wote, wengine wameshikana mikono. Redio ikavuma shuuu. Kikapita kimlio cha kifaranga. Halafu, kwa mbali, mtu akasema maneno ya kigeni, na mwingine akamjibu. Bi Rahma alikamata nguzo ya mlango.

"Wanasema nini?" Bibi aliuliza.

"Wa kwanza ametaja jina lake la redio," Mwalimu alisema. "Wa pili anamwambia amemsikia. Basi."

"Chombo chote kile huko juu," Bi Rahma alisema taratibu, "ni cha kuulizana kama umenisikia?"

"Mara nyingi ndiyo hivyo, Bi Rahma."

"Kama miye na dada yangu kwenye simu."

Mtu mmoja akacheka, halafu wawili, halafu ua mzima. Bibi hakucheka. Aliupapasa mkoba wake chini, akaukung'uta vumbi. "Nirudishieni kanga zangu," alisema. "Na Jabir apigiwe simu, kesho awahi. Rahma, weye kalete mbuzi yangu."

Alhamisi Ami Jabir aliwahi, na Bibi akapasuliwa. Jioni ile ya Jumatano Asma alikuwa ameshapita nyumba za wenzake mmoja mmoja kuwaambia ukweli, na asubuhi alisimama tena darasani akausema mbele ya wote. Pandu alisema, "Mama Kuku." Alilisema polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

Siku kadhaa baadaye, kitambaa kimeshaondolewa, Bibi alitoka uani baada ya Magharibi akiwa na miwani myeusi. Asma na Mwalimu Silima walikuwa wanakisubiri kituo cha anga za juu, kile wanamoishi watu, kipite. Bibi alivua miwani. Akatazama juu kwa muda mrefu, bila kuambiwa atazame wapi.

"Mwalimu," alisema, "na miye nina Nimeona yangu. Nimeona nukta moja nyeupe, imetoka nyuma ya mnazi wa Rahma, imekwenda haraka kama mtu aliyechelewa harusini, ikazimika kabla haijafika paa la msikiti. Haikusema kitu. Sina zaidi."

Mwalimu Silima alimgeukia Asma. "Umemsikia Bibi? Amesema alichokiona akanyamaza alipofika mwisho wake. Hiyo ndiyo kazi ya shahidi. Anga limejaa maajabu, halihitaji tuliongezee. Unachokiongeza wewe dakika moja, mwenzako anaweza kukilipia kwa macho yake."

"Nami mtu mzima nilikuwa najua siku ile anaijua Mungu peke yake," Bibi alisema, "hofu ikanisahaulisha kuuliza. Tumekosa wote wawili, mjukuu wangu, ila weye ulianza."

Kisha akamtazama Asma usoni, kwa makini, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

"Kumbe umekua hivi," alisema.