Kitambaa Shingoni mwa Mtani

"Kaka, hicho kitambaa umekipata wapi?"

Veneranda aliuliza huku ameshika chupa ya asali. Treni ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa imesimama stesheni ya Goweko, injini inakunywa maji, moshi umetanda polepole juu ya miombo. Ilikuwa asubuhi ya kuota ukiwa macho.

Kijana aliyeshuka kununua asali alikuwa amefunga kitambaa cheupe shingoni, na juu yake ndege wawili wekundu wanatazamana. Veneranda aliwadarizi mwenyewe, akijifunza kushona kwa masista. Alikusudia njiwa, wakatoka bata. Duniani hapakuwa na kitambaa kingine cha namna ile, na alimpa mtu mmoja tu: Damas, golikipa wa timu ya Tabora.

"Mwangaluka, dada," kijana alimsalimia, Kinyamwezi chake kimenyooka. "Hiki? Kanipa Damas."

"Kakupa mwenyewe?"

"Kwa mkono wake. Kasema anavyo vingi, kila stesheni ana msichana anayemshonea."

Akacheka, akachukua asali yake, akarukia behewa. Treni ikaondoka kuelekea Tabora na kumwacha Veneranda palepale, kikapu cha karanga miguuni.

Msimu mzima alikuwa amesimama pale. Tangu mavuno yaishe, Ligi ya Majimbo ilikuwa inawapeleka vijana wa Tabora Dodoma, Morogoro mpaka Dar, njia ileile waliyopita babu zao kwa miguu na pembe za ndovu mabegani. Kila treni ikisimama Goweko, Damas alitoa kichwa dirishani, Veneranda akakimbia na karanga, wakazungumza mpaka filimbi ilie. Mapenzi yao yote yalikuwa ya dirishani. Jamani, binti wa watu alimjua mpenzi wake kuanzia kifuani kwenda juu!

"Ligi ikiisha tu, nashuka hapa na wazee wangu," Damas alikuwa amemwambia.

Na Veneranda alingoja. Alimngoja hata posa ya Sylvester, mwenye duka wa Puge, ilipoingia nyumbani, na baba yake, Mzee Luhende, akachoka kuwaambia watu waje mwezi ujao.

Jioni ile alimkuta baba yake anachonga mzinga wa nyuki.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho mekundu?"

"Moshi wa treni. Baba, watu wa Sylvester wakija Jumatatu, waambie nimekubali."

Mzee akaweka shoka chini.

"Na yule mcheza mpira wako?"

"Sina mcheza mpira."

"Jibu utalitoa mwenyewe mbele ya wazee. Ukishalitoa, halirudi. Umelifikiria?"

"Nimeota vya kutosha, baba."

Kesho yake, Damas akiwa anafunga kamba za viatu pembeni ya uwanja wa Tabora, alikabidhiwa simu ya maandishi iliyotoka stesheni ya Goweko:

"KITAMBAA NIMEKIONA. USISHUKE GOWEKO. JUMATATU NAJIBU POSA. VENERANDA."

Mechi yenyewe ilikuwa ya kufunga ligi, Tabora na Dar. Sare tu ingetosha kombe kubaki Tabora. Watu walikuwa wamejaa mpaka juu ya miti. Lakini golini alisimama mwili tu, roho ilikuwa Goweko. Bao la kwanza Damas hakuliona. La pili lilibingirika taratibu likampita kati ya miguu, na aliyelipiga alikuwa Pazi, winga wa Dar, kijana yuleyule wa kitambaa.

Filimbi ya mwisho ilipolia, Pazi alimfuata golini akicheza.

"Mtani! Leo umeacha mlango wazi, hata ng'ombe wangepita!"

Damas alikuwa amekaa chini, ameegemea nguzo ya goli, analia. Akampa ile karatasi. Pazi akaisoma, kicheko kikamkauka.

"Lahaula! Huyu ndiye yule muuza asali?"

"Ulimwambia nini, Pazi?"

"Utani tu! Kwani hakujua mimi Mzaramo?"

"Kwa Kinyamwezi chako hicho? Angejuaje?"

Hapo ndipo penye balaa. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani akikupora kitu, unacheka, unatafuta namna ya kukikomboa. Ukinuna, umejiaibisha wewe. Kwenye mechi ya Dar, Pazi alikiona kitambaa kimefungwa kwenye nguzo ya goli, akakitwaa. Damas alicheka na wenzake, moyoni anaungua.

Pazi akamshika mkono, akamwinua.

"Kombe nimelichukua kihalali. Mke siwezi kukukosesha. Kesho tunashuka wote."

Jumatatu, watu wa Puge walikuwa wameketi uani kwa Mzee Luhende, kibuyu cha pombe katikati. Veneranda aliitwa, akapiga magoti, akainamisha kichwa.

"Haya, mwanangu," baba yake akasema. "Wazee wanakusikiliza."

Kabla hajafungua mdomo, mtu akaingia anapiga kelele, akaketi katikati ya wageni, akakinyanyua kibuyu chao na kunywa.

"Hapa haingii ng'ombe wa mahari kabla ya wangu!"

"Mwendawazimu gani huyu?" mzee wa Puge akafoka. "Mtoeni!"

"Mnitoe mimi?" Pazi akajipangusa mdomo. "Babu zenu walipofia njiani na mizigo ya watu, nani aliwazika? Leo mnanyimana pombe na Mzaramo?"

Mzee Luhende akainua mkono, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mwacheni. Baba yangu amelala huko kwao. Huyu ni mtani."

Veneranda akainua kichwa.

"Mtani? Wewe si Mnyamwezi?"

"Mzaramo, dada! Nimekulia Kariakoo na Wanyamwezi, nimewaibia lugha."

"Basi yale ya wasichana wa kila stesheni..."

"Uongo mtupu. Kitambaa nilimpora. Nisamehe, sikujua nauma nani. Jana kafungwa bao mbili kwa ajili yako, na mji mzima haumsalimii."

Damas alikuwa amesimama nje ya ua, masizi ya treni usoni. Veneranda akamtazama kuanzia kichwani mpaka vidoleni. Kumbe ana matege kidogo. Akampenda upya.

"Kwa nini hukuniambia kimeporwa?"

"Niliona aibu. Nilitaka nikikomboe kwanza."

"Na kombe?"

"Limepanda treni, limekwenda Dar. Nimekuja mikono mitupu, Vene."

Mzee Luhende akakohoa.

"Mwanangu, jibu la juzi nililisikia mimi. Wazee bado hawajalisikia."

Veneranda akasimama. Akakifungua kitambaa shingoni mwa Pazi, akatoka nje ya ua, na mbele ya macho ya wote akaanza kumfuta Damas masizi, taratibu, paji, mashavu, kidevu.

"Baba," akasema bila kugeuka, "uwashukuru sana watu wa Puge. Jibu langu ndilo hili."

Mzee wa Puge akamtazama Pazi, akatikisa kichwa, akaangua kicheko.

"Tumefungwa na mtani! Haya, turudishieni pombe yetu."

Walifunga ndoa baada ya mvua. Pazi alisafiri kutoka Dar, akajilaza mlangoni akamzuia bibi harusi asitoke mpaka alipwe, na Veneranda akamtupia kitambaa kipya.

"Safari hii bata wamependeza," Pazi akasema.

"Ni njiwa, mshenzi wewe!"

Treni ya kwenda Tabora ilipoondoka Goweko, Veneranda alikuwa ndani, kwa mara ya kwanza upande ule wa dirisha. Alitoa kichwa nje, moshi ukimpita usoni.

"Unatafuta nini?" Damas akamuuliza.

"Namwangalia yule msichana wa karanga, aliyekuwa anasimama pale."

"Yupo?"

"Hayupo. Amepanda."