Mchekeshaji Hajibu

Foleni ya dirisha la kadi hospitalini ilikuwa imefika mlangoni, na watu walikuwa wamenuna. Fundi lifti, aliyevaa ovaroli ya buluu na kufunga kidole kwa kitambaa, aliona hiyo ni nafasi nzuri ya kujaribu kichekesho chake.

"Jamani, mimi natengeneza lifti," aliwaambia waliokuwa mbele yake. "Lifti ikifa, napigiwa simu nifike haraka ghorofa ya tisa. Napandaje? Kwa ngazi! Na ikipona tu, naambiwa kazi imeisha, nenda zako!"

Foleni ikacheka. Mzee mmoja alijishika kiuno. Karani wa dirishani, binti mwenye miwani mikubwa na gauni la rangi ya haradali, hakutabasamu hata kidogo.

"Umri?" alimuuliza Fundi alipofika mbele yake.

"Thelathini na mbili. Dada, hukusikia?"

"Nimesikia. Umemalizia haraka. Ulipofika kwenye ngazi ungenyamaza kidogo, watu wapande na wewe. Kidole kimekuwaje?"

"Lifti."

Hapo ndipo Karani alipocheka, tena mpaka akavua miwani. Pamoja na kadi alimpa kipande cha karatasi: Jumamosi, saa tisa alasiri, ukumbi ulio juu ya duka la rangi.

Ukumbini Fundi alikuta watu wanane, viti vya plastiki na kipaza sauti kinachokoroma. Wote walikuwa wachekeshaji wa kujifunza, kila mmoja akiitwa kwa kazi yake: Kinyozi, Mshonaji, Karani mwenyewe, na kadhalika. Aliyewaongoza alikuwa Mwalimu, mama mstaafu mwenye kengele ya shule. Kila mtu alipewa dakika tano, kisha kengele, kisha alikaa kwenye kigoda mbele ya wenzake ili akosolewe.

"Mchekeshaji hajibu," Mwalimu alimwambia. "Hajitetei, hafafanui. Anaandika kwenye daftari, na kwa kila jambo anachagua neno moja: *itoke* au *ibaki*. Mwisho anasema, 'Asante, nimesikia,' anashuka. Umeelewa, mwanangu?"

Fundi alielewa vizuri mno, kama tutakavyoona.

Mapenzi ya Fundi na Karani hayakuchukua muda kuanza. Baada ya miezi mitatu walikuwa wakipigiana simu kila mchana.

"Umekula, kipenzi?"

"Bado. Umekwama ghorofa ya ngapi leo?"

"Ya saba."

"Basi shuka taratibu. Sina fundi wa akiba."

Fundi akaanza kumpeleka jukwaani kama kichekesho. "Nina mchumba wa miwani," alisema Jumamosi moja. "Nilimwandikia ujumbe wa mapenzi, mrefu, nimetoa moyo wote. Akanijibu: mwanzo umezidi. Anzia katikati." Ukumbi ulipasuka kwa kicheko.

Karani hakucheka. Mkobani alikuwa na barua ya kazini: anahamishiwa hospitali ya mji mwingine, safari ya siku nzima, na alipewa wiki tatu tu kukubali au kukataa. Hakuwa amemwambia mtu. Alitaka kwanza kujua jambo moja, na zamu yake ya kukosoa ilipofika, akaliuliza.

"Huyu mwanamume wa kwenye kichekesho," alisema, "anampenda kweli huyo mwanamke wa miwani, au anamtaka kwa ajili ya vicheko tu? Mimi sijaona."

Swali la chumbani aliliuliza mbele ya watu, na hapo siwezi kumtetea. Aliogopa kuliuliza wakiwa wawili. Lakini Fundi naye! Aliinamisha kichwa, akaandika, akasema, "Asante, nimesikia," akashuka.

Wiki nzima Fundi alihangaika na daftari. Aliamini kwamba Karani hapendi kusemwa jukwaani. Kwa hiyo mbele ya kila kichekesho cha mchumba wa miwani aliandika *itoke*, na Jumamosi iliyofuata alipanda jukwaani na vichekesho vya lifti pekee kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alijivunia kazi hiyo. Alipotazama kiti cha Karani, kilikuwa kitupu, na kengele haijalia bado.

Alimpigia akiwa kwenye ngazi za ukumbi.

"Umenitoa," Karani alisema.

"Si wewe mwenyewe uliyesema..."

"Nilikuuliza swali."

"Pale? Mpenzi, mchekeshaji hajibu!"

"Na Jumapili je? Na Jumanne, ulipoongea saa nzima kuhusu kebo za lifti? Ulikuwa kwenye kigoda?"

Safari hii Fundi hakuwa na kanuni ya kujifichia.

"Wananihamisha," Karani aliendelea. "Jumamosi ijayo nitakuja kuwaaga wenzetu tu. Jumatatu yake natia sahihi." Akakata simu.

Alipopigiwa tena hakupokea. Fundi alimwandikia ujumbe mrefu, wenye mwanzo uliozidi kabisa, na haukurudi na sahihisho lolote. Alikaa na simu mkononi. Alikuwa akimpoteza.

Jumamosi Karani alikuja na lile gauni la haradali. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Pale dirishani fomu inauliza: mtu wako wa karibu wa kupigiwa simu ni nani? Juzi mama mmoja alifikiri, akafikiri tena, akaniambia, 'Mwanangu, jiandike wewe.'" Watu wakacheka. Akanyamaza kidogo. "Fomu yangu ya uhamisho ina swali hilohilo. Nimeacha wazi."

Hakuna aliyecheka. Kengele ikalia, akakaa kigodani na daftari lake. Fundi alinyoosha mkono kabla ya wote.

"Naanzia katikati," alisema. "Nakupenda. Nataka nikuoe. Ukihama nahama nawe, lifti zinakufa kila mji. Uliniuliza, nikajificha nyuma ya daftari. Nisamehe. Pale palipo wazi, niandike mimi." Kisha akanyamaza, kama alivyofundishwa dirishani.

Karani akafungua mdomo.

"Mchekeshaji hajibu!" Mwalimu akasema, ingawa macho yake yalikuwa yamelowa. "Bado watu sita."

Basi walisubiri. Mshonaji alisifu gauni. Kinyozi aliongea mpaka watu wakamtazama vibaya, akieleza jinsi ya kushika kipaza sauti. Fundi alikuwa akitokwa na jasho mpaka shingoni, na Karani akiandika tu, kichwa chini.

Hatimaye akasimama. "Asante, nimesikia."

Alishuka, akapita mbele ya Fundi, na akamwekea daftari mapajani likiwa wazi. Kinyozi alikuwa ameambulia *itoke*, ukurasa mzima. Juu kabisa kulikuwa na mstari mmoja wa Fundi, ulioandikwa neno kwa neno: *Nataka nikuoe*. Mbele yake: *ibaki*. Chini yake ilikuwa namba ya simu ya Fundi, yote, imeandikwa kutoka kichwani, tayari kunakiliwa kwenye fomu Jumatatu.