Nilimkata Baba Mkubwa kwa Kosa la Kupona

Wapenzi wasomaji, nina miaka arobaini na moja, na nilitoka jela mwaka jana. Sikuiba, sikuvunja duka la mtu... Nilimkata kwa panga mzee wa miaka sabini na sita, kaka wa marehemu baba yangu, mtu aliyenilea na kunisomesha. Kosa lake? Alipona!

Naomba mnivumilie. Huenda mkanichukia kabla ya kufika mwisho, na hiyo ni haki yenu.

Kwetu ni upande wa Marafa. Kazi yangu ilikuwa kukata mawe ya kujengea katika timbo, yale mashimo makubwa ya mawe yaliyo nje ya mji wa Kilifi. Ni kazi ya vumbi, sigara na matusi. Mimi tangu utotoni ni mwepesi wa kurusha ngumi, na kule timboni hilo lilikuwa sifa. Nikirudi nyumbani Jumamosi, hata mbuzi walinipisha njia.

Mama yangu, Kadzo, alikuwa amepita miaka sitini na mitano. Alikuwa na sukari ya siku nyingi. Tena alikuwa amepikia kuni maisha yake yote ndani ya jiko la makuti lisilo na dirisha, na kifua kilikuwa kimechoka. Nyumba iliyotazamana na yake, katika boma lile lile, ilikuwa ya Baba Mkubwa Kazungu. Huyu alikuwa mkubwa kuliko Mama na kichwa chote kilikuwa mvi, lakini hakuwa na sukari wala hakuvuta tumbako, na shamba lake alililima mwenyewe.

Ulikuwa wakati wa korona. Wauguzi walikuja na chanjo, wakaweka meza uwanjani kwa chifu. Baba Mkubwa alikuwa amekwisha kuchanjwa mara mbili. Alimwambia Mama kwamba mtu wa umri wake, tena mwenye sukari, ndiye wa kuwa wa kwanza kwenye foleni, maana ugonjwa ule ukimshuka mapafuni hautamwachia. Mama akakubali. Akaoga, akajifunga leso mpya, wakaandamana.

Mimi nilikuwa na simu. Ndani ya simu kulikuwa na sauti ya mtu, iliyozunguka timbo zima, ikisema wazee wanachomwa sindano ili wafe kabla ya miaka miwili. Mtu nisiyemjua! Nikamwamini yeye, nikamwacha aliyenilea.

Nilifika uwanjani mbio. Nikapiga teke sanduku la chanjo. Nikamshika Mama mkono, nikamburuta mbele ya kadamnasi, leso yake mpya ikadondoka vumbini.

"Charo! Mwache mamako! Una wazimu wewe?" Baba Mkubwa alinishika bega.

Nikampiga ngumi ya mdomo, akatema jino. Muuguzi alikuwa akilia, na mimi nilijiona mwanamume kamili!

Siku ya tatu Mama aliniambia tu kwamba alitaka sindano ile kwa sababu alitaka kuwaona wajukuu wakimaliza shule. Nikamwambia atawaona. Loo... nilikuwa nani mimi, hata nimwahidi mtu uhai?

Miezi miwili baadaye kukawa na msiba kwa jirani. Matanga ya kwetu mnayajua, watu hubanana siku kadhaa, wakila pamoja na kulala pamoja. Mama alikuwa jikoni na wanawake waliokuwa wakikohoa, katika moshi ule ule. Baba Mkubwa alikaa na wazee. Wote wawili walirudi nyumbani wagonjwa, siku moja.

Baba Mkubwa aliwaka homa siku tatu. Ya nne nikamwona ameshika jembe.

Mama siku hiyo ya nne hakuweza kumaliza sentensi bila kutweta. Mke wangu, Dama, alinisihi tumkimbize hospitali. Nikamzaba kofi. Nikampeleka Mama kwa mganga, akafukizwa moshi wa majani siku mbili nzima... moshi, kwa mtu asiyepata pumzi! Mganga akaniambia ugonjwa umetumwa na mtu mwenye mvi, wa mle mle bomani.

Midomo ya Mama ilipoanza kubadilika rangi ndipo nilipombeba mpaka hospitali ya Malindi. Daktari, dada mmoja mpole, alimwekea oksijeni. Alinieleza kuwa ni nimonia iliyoletwa na virusi, imeshika mapafu yote mawili, na sukari imepanda vibaya. Akauliza mbona tumechelewa. Akauliza kama Mama alichanjwa. Nikajifanya namfunika Mama shuka.

Mama alikufa kesho yake mchana. Alikuwa akihangaika, akiing'oa ile barakoa ya hewa usoni, na mimi nikimkandamiza mikono kitandani ili asiing'oe. Mara ya mwisho kumshika mama yangu nilimshika kwa nguvu, kama siku ile ya uwanjani.

Tukamzika. Damu ikaanza kunichemka. Wameugua siku moja. Aliye mzee zaidi amepona, aliye mdogo kwake amekufa. Kwetu hesabu hiyo ilikuwa na jibu moja tu... Kazungu amemtoa Mama kafara badala yake! Vijana wa kijijini walilisema hilo waziwazi, na mimi nililisema kuliko wote. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka chanjo.

Siku ya tatu ya matanga, asubuhi, mzee alikuja kukaa na sisi mkekani. Nikamuuliza mbele ya watu mbona yeye yuko hai.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Hata mimi najiuliza."

Nikachukua panga la kukatia kuni. Nililenga kichwa chake, wasomaji wangu, sitawaficha. Aliinua mkono wa kulia kujikinga. Panga likamkata mfupa juu kidogo ya kiwiko, damu ikaruka mpaka kwenye sufuria za matanga. Wanawake walipiga mayowe. Vijana wakatia moto paa la nyumba yake, wakampiga mawe akiwa chini. Nilikuwa ninainua panga mara ya pili, Dama akajitupa juu ya mzee na kunikodolea macho. Hapo ndipo nilipoliangusha panga. Polisi waliniokota nimekaa chini kama gogo.

Mzee aliokolewa, lakini hospitalini mkono ulibidi ukatwe.

Mahakamani aliitwa yule daktari wa Mama. Hakimu alimuuliza swali langu lile lile: kwa nini huyu alipona na yule akafa? Akajibu polepole. Mama alikuwa na umri, sukari, mapafu yaliyochoshwa na moshi, hakuchanjwa, na alicheleweshwa. Mzee alikuwa na umri tu, na mwili wake ulikuwa umefundishwa na chanjo kupigana na kirusi kile. Alikohoa kama wengine, lakini hakikumshuka mapafuni. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze! Aliyemtoa Mama nilikuwa mimi.

Nilipotoka jela, Baba Mkubwa alikuwa anaishi kwa binti yake Rabai. Nilikwenda, nikapiga magoti mlangoni.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

Hakuitikia. Alinisikiliza nikikohoa, kikohozi changu cha mawe na sigara, kisha akauliza, "Wewe umechanjwa?"

"Bado, Baba."

"Basi ondoka. Nenda kachanjwe, achana na hizo sigara, ndipo uje uniombe msamaha. Sina haja ya kusamehe maiti."

Nilikwenda zahanati siku hiyo hiyo. Nikarudi kwake bega likiuma. Akaninyooshea mkono wa kushoto. Kwetu kumpa mtu mkono wa kushoto ni tusi, lakini mwingine wa kunipa hakuwa nao. Niliupokea kwa mikono miwili, nikalia mbele ya wajukuu zake.

Yeye amenisamehe. Mama sina pa kumpata nimwombe.

Ndugu zangu, kama nyumbani kuna mzee, mwenye sukari, mwenye pumu, mke mjamzito, au mtu aliyevuta vumbi na moshi miaka mingi, nendeni mkaulize chanjo kwa wauguzi, si kwa simu. Haizuii kila kikohozi, lakini huenda ikamzuilia mtu kaburi. Na mtu akianza kutweta, hospitali ni siku hiyo hiyo! Mkono ukikuwasha kumpiga anayekushauri, uweke mfukoni.

Msinipe pole, siistahili. Wewe ambaye mamako yu hai, mpeleke.