Kaanaeli na Mashine ya Kazi Tatu

Asubuhi Kaanaeli aliwapa ng'ombe majani ya migomba, akanawa, kisha akashuka hadi ofisi ya kikundi, juu kidogo ya mtaa wa Sekei. Yeye ni katibu wa wanawake kumi na wawili wanaolima kahawa. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wa walimu wengi, na mwenyewe analijua hilo.

Siku hiyo roho ilikuwa juu. Fomu ya kuomba meza kwenye maonyesho ya kahawa ilitakiwa ifike kwa barua pepe kabla ya saa tisa alasiri. Ikichelewa, kahawa yao itaendelea kuuzwa kwa jina la watu wengine, kama miaka yote.

Saa saba mchana fomu ilikuwa tayari, ina sahihi na picha za wanawake wote. Kaanaeli aliiweka kwenye kioo cha mashine ya kutoa kopi, akafunika, akabonyeza. Karatasi ikatoka nyeupe pee. Akarudia. Nyeupe tena! Mara ya nne akaanza kuigombeza.

"Wewe mashine, wino wote umeupeleka wapi?"

"Hodi!" Alikuwa Naserian, afisa ugani wa kata. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone. Mashine imekufa, na saa tisa hiyo inakuja."

Naserian akainua kifuniko. Picha kumi na mbili zikamtazama, ya Bibi Elieshi, mkongwe wa kikundi, ikiwa ya kwanza. Akacheka.

"Mama, mbona umeiweka chali?"

"Sasa nimlaze Bibi Elieshi kifudifudi? Mtu wa miaka themanini! Hata picha ya mzee ukutani hatuigeuzi."

"Heshima yako nimeiona, mama. Lakini jicho la mashine liko chini ya kioo. Umeionyesha mgongo wa karatasi, na mgongo hauna kitu."

Kaanaeli akashika kiuno. "Kumbe naisingizia bure!"

Akamwomba radhi Bibi Elieshi kwa sauti, akaigeuza fomu taratibu, akaisogeza hadi kwenye alama ya pembeni. Akabonyeza. Kopi ikatoka, safi kabisa.

"Haya, hii naitumaje?"

"Hiyo ni kopi, mama. Karatasi imezaa karatasi. Kwa barua pepe tunaskani. Mashine inapiga picha ya fomu na kuipeleka kwenye kompyuta. Hakuna karatasi inayotoka."

"Na kuprinti?"

"Hapo kilichomo kwenye kompyuta ndicho kinachotoka kwenye karatasi."

Naserian akanyoosha mkono abonyeze. Kaanaeli akauzuia.

"Nielekeze tu. Kesho hutakuwepo."

Akakosea, ikatoka kopi nyingine isiyo na kazi. Mara ya pili akachagua kuskani. Mwanga ukapita chini ya kifuniko, na fomu ikatokea kwenye kompyuta. Naserian akamwonyesha jinsi ya kuiambatisha kwenye barua pepe, naye akaituma. Ilipoondoka, ilikuwa saa nane na dakika ishirini.

Wiki mbili baadaye jibu likaja. Wamepewa meza, na juu yake litaandikwa jina la kikundi chao. Kaanaeli akaiprinti barua hiyo, akatoa kopi kumi na mbili, akazigawa Jumapili baada ya ibada.

Bibi Elieshi aliishika yake mbali na macho, akalisoma jina la kikundi polepole, herufi kwa herufi.

"Nani amekutolea hizi?"

"Nimetoa mwenyewe, bibi. Na ile fomu niliituma mwenyewe."

Bibi Elieshi akawageukia wenzake, akainua karatasi juu. "Mmemsikia katibu wetu?"

Vigelegele vikapigwa pale pale mlangoni mwa kanisa, na Kaanaeli hakuinamisha kichwa.