Osayo Aliyerudi Kutoka Mtoni

Majirani wa Tokubei, mchonga vibao vya kuchapia picha mjini Edo, Japani, wakifika kwake hadi leo hawakai. Chai wanainywa wakiwa wima, tayari kukimbia.

Mambo yalianza siku ya kawaida tu, ya joto. Tokubei alikuwa anamalizia kibao cha picha ya usiku wa kiangazi: mto, matete, vimulimuli, na msichana mwenye kitundu cha kuwafungia vimulimuli mkononi. Sura alimpa ya bintiye Osayo, ambaye alimpenda kupita kiasi. Kidoa cheusi cha Osayo, kilicho chini ya jicho la kushoto, hakukichonga. Aliona kitaharibu picha.

Kibao huchongwa kinyume. Ukichapa, kulia hugeuka kushoto. Tokubei alilijua hilo hata usingizini. Lakini siku hiyo kimono cha msichana alikichonga kama anavyokiona mwilini.

Kisuke, mchapaji wake, aliinua karatasi ya kwanza, akaganda.

"Fundi," alinong'ona, "mbona umemvika kama maiti?"

Kweli. Kifuani, upande wa kulia wa kimono ulilala juu ya wa kushoto. Hivyo huvikwa wafu tu.

"Acha uchuro wako," Tokubei alisema, akicheka kicheko kikavu.

Jioni Osayo alirudi kutoka mtoni na kitundu chake cha vimulimuli. Kimono chake kilikuwa kimefungwa vilevile.

"Nani kakufunga hivi, mwanangu?"

"Msichana wa mtoni, baba. Kasema kule wote wanavaa hivi."

Mama yake, Omine, alimvua akamvika upya. Kikajigeuza. Akarudia. Kikajigeuza tena. Mikono ya mtoto ilikuwa inapoa.

"Baba Osayo, fanya kitu! Anaondoka huyu!"

Tokubei alikimbilia karakana. Akang'oa kipande cha kifua kwenye kibao, akapachika mti mpya, akachonga huku akilia. Kisuke akachapa. Safari hii kimono kilikaa sawa.

Tokubei hakungoja wino ukauke. Alirudi mbio, akamkuta Osayo anakula wali, ana joto, anacheka. Alimkumbatia, akalia kwa furaha kama mtoto.

Kisha akaona vijiti anavyolia wali. Viko mkono wa kushoto, na Osayo siku zote hula kwa wa kulia.

Akamwinua kidevu taratibu. Kidoa kilikuwa chini ya jicho la kulia.

Omine aliziba mdomo kwa mkono. Mlangoni alisimama Kisuke, na ile picha mbichi mkononi.

"Fundi," alinong'ona, "hiki kidoa umekichonga saa ngapi?"

Pichani kilikuwa chini ya jicho la kushoto, palepale pa Osayo. Na kilikuwa kimelowa machozi.