Salamu ya Tatu

Hope, msichana wa miaka kumi na saba, alilala kifudifudi ndani ya geti la Kawe, nondo iliyochongwa imemzama mgongoni. Mlinzi wa zamu, kijana mwenzake aitwaye Praygod, alishatoa taarifa: ameua msukule.

Tangu wafu waanze kuamka, sheria ilikuwa nyepesi, maana ilitungwa na watu wenye haraka. Msalimie mara tatu. Asiyeitika ni msukule, mmalize. Na familia yake hutolewa nje ya ukuta kabla jua halijazama, upande wa Mbezi Beach, ambako hakuna aliyewahi kurudi.

Jovina, mama wa Hope, alikuwa ameshafunga kibegi, mtoto wake mdogo mgongoni.

"Afande, mwanangu kala mchana huu huu, akalalamika chumvi imezidi. Msukule anajua chumvi?"

Inspekta Sekela aliliinamia jeraha. Jua lilishaanza kushuka.

"Ulimsalimia?" alimuuliza Praygod.

"Mara tatu, afande. Kimya. Mie nimefuata sheria."

"Alikuwa anakujia?"

"Ndiyo. Ananijia kabisa."

"Na nondo ikaingilia mgongoni?"

Praygod aliitazama ile nondo.

"Msukule akisikia sauti huifuata," Sekela alisema. "Hampi mtu mgongo. Nani anakupa mgongo ukimsalimia?"

Jovina ndiye aliyejibu. "Aliyenuna! Hawa hawasalimiani, afande. Mtaa mzima unajua!"

"Kwa hiyo ulijua hataitika," Sekela alimwambia kijana. "Mlikosana nini?"

"Hope alisema huyu mwongo," Jovina alidakia. "Eti mama yake haumwi malaria kama anavyotuambia."

Sekela alimkamata Praygod mkono, wakaenda kwao, hatua chache kutoka getini, Jovina akiwafuata. Uani walipokewa na moshi wa ubani, mzito wa kukohoza. Lakini la kuvunda halina ubani. Chini ya moshi ule kulikuwa na harufu nyingine, na hakuna mtu wa Kawe asiyeijua.

Praygod alianza kulia kabla hajaulizwa.

"Mama aling'atwa. Hope alichungulia dirishani, akaona nimemfunga mikono kwa kamba. Akasema hataki salamu yangu mpaka niseme ukweli, na nisiposema leo, atasema yeye. Wangemchoma, afande. Sina mwingine duniani."

"Na huyu ulitaka abaki na nani?" Sekela alimwonyesha Jovina.

Sekela alimwachia kijana mkono.

"Kafungue kibegi, mama Hope. Huendi popote."

Kisha Sekela alichomoa bastola, akasimama mbele ya mlango wa chumba.

"Shikamoo, mama."

Ndani, miguu iliburuzwa kuelekea sauti.

"Shikamoo, mama."

Praygod alipiga magoti, akamng'ang'ania suruali.

"Huwa anachelewaga tu kuitika, afande. Nakuomba. Usitoe ya tatu."